Pigo la tatu la Limi

Jumatano

Nilikosea mimi, si mtoto. Wiki nzima nawafundisha darasa la pili kutunga midundo ya mapigo manne. Leo Limi akapiga dawati mara mbili, akanyamaza, kisha akapiga la nne. Nikamwambia amesahau pigo la tatu.

"Sijasahau, mwalimu. Hapo mama anageuza jiwe."

Mama yake huponda mawe ya dhahabu kwa nyundo. Nikamwomba Limi arudie, darasa likamfuata, na kila walipofika pale pa tatu wote wakageuza viganja, kimya kabisa.

Ijumaa anakuja afisa elimu kata, na yule hutafuta makosa. Naogopa kidogo tu. Akiuliza mbona wananyamaza, atajibiwa na Limi.