Barabara ya Anifa Imerudi

Mama Anifa,

Mjinga wa leo ni mume wako, usimtafute mwingine. Amekwenda Masasi kuchukua salfa ya kupulizia mikorosho, atarudi jioni. Mihogo iko kwenye sufuria. ~~Anifa asiguse kompyuta.~~ Nimekata hilo. Baba Anifa ndiye asiguse.

Ulipokwenda shambani, aliona bando lake la intaneti linaisha saa sita mchana. Akaliunganisha na kompyuta ya mtoto, akaruhusu kila kitu kipakuliwe, kama tunavyokinga maji siku bomba la hapa Newala likikumbuka kazi. Gemu la mabasi likajisasisha. Toleo jipya likazikataa modi, vile vipande alivyotengeneza Anifa likizo nzima: basi lake na barabara yetu ya mlimani, vyote havionekani. Na saa kumi Jafari wa kibanda cha gemu anakuja kuvitazama, vikimpendeza aviweke kwenye mashine zake!

Baba mtu akafoka, "Umeharibu mwenyewe!" Mtoto hakulia. Alichomeka flashi aliyohifadhia gemu la zamani, akalirudisha, akalizuia lisijisasishe tena. Basi likapanda mlima likipiga honi, nikashangilia mpaka kuku wakakimbia. Jafari akifika mpe kile kiti kizima, umwambie huyo ni binti yangu.

Baba Anifa

Nilisahau. Nilijitetea kwamba bando lingepotea bure. Akanijibu, "Baba, hata maji yakitoka, hatuyakingi kwenye debe la unga."