Bingwa wa 2004, Eti Mimi

Janice, nimemwambia Baba Kibe alishushe hilo bango sasa hivi, na yeye ananinong'onezea, "Mama Kibe, ngoja basi wageni waende."

Ningoje nini? Leo saiba yetu ya intaneti hapa Dagoretti Corner ina mashindano ya gemu za kompyuta kwa mara ya kwanza. YA KWANZA. Bango linasema "Mashindano ya Sita ya Kila Mwaka".

Eti mdhamini hatoi zawadi kwa mashindano yasiyo na historia. Basi bwana akajitungia historia!

Chini ameorodhesha mabingwa. 2005 ni marehemu shemeji yangu, ambaye hakujua hata kuwasha kompyuta. 2004 ni mimi. Mimi, Janice! Gemu ya mbio za magari! Hata leseni sina.

Si Tarsem wa duka la rangi akanivutia kiti mbele ya mdhamini: "Bingwa, kuja utuonyeshe!"

Na Baba Kibe, bila haya: "Keti tu, mama, ni dakika mbili."

Keti tu!

Nimechukua makasi ya kaunta, nikapanda juu ya hicho kiti, nikakata historia yote, mdhamini akitazama. Limebaki neno moja ukutani: Mashindano.