Mama Poni Ng'ambo ya Mkahawa Wake

Buluk, Juba

Mdogo wangu Mghoi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote walio chini ya paa lako. Niambie kwanza habari za afya: je, kikohozi cha shemeji kimepoa? Nawe unapata usingizi? Mimi ni mzima. Joto la hapa bado sijalizoea, maji twanunua kutoka kwenye magari, na umeme huja pale mwenye nyumba anapopenda kuwasha jenereta yake. Usinihurumie. Nakula vizuri, na kanisa lililonialika linanitunza kwa heshima.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi, maana huko nyumbani wanasema nimestaafu ualimu ili nije kuwafundisha watu kuuza nyanya. Waambie kwamba naketi na familia zenye biashara ndogo, naangalia wanavyofanya kazi, kisha nauliza maswali. Kuuza wanakujua; wengi waliuza wakati wa vita na wakauza kambini. Ninachokitafuta ni kama biashara ni ya familia kweli, au ni ya mtu mmoja ambaye wengine wanamsaidia tu.

Ili kulipata jibu nina desturi moja ambayo imeniletea lawama nyingi. Namwomba mkuu wa biashara aketi ng'ambo ya barabara tangu kufungua hadi kufunga. Aone kila kitu, asiseme neno.

Yuko mama mmoja mwenye mkahawa katika mtaa wa Hai Jalaba, mjane, tunamwita Mama Poni. Wakati wa vita yeye alikimbilia Uganda, na watoto wake wawili, Poni wa kike na Wani wa kiume, wakalelewa Eldoret kwa shangazi yao. Sasa wote watatu wako pamoja mkahawani. Mama huyu ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Daktari amemwambia aende Kampala apasuliwe, naye amekuwa akiahirisha hadi sasa anapapasa ukuta akitembea.

"Mwalimu, mimi iko na mkahawa," aliniambia. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema. "Macho itangoja."

"Macho hayangoji, mama."

"Mimi nikienda, nani atafanya kazi?"

"Si mimi ndiye ninayepika?" Poni akadakia kutoka jikoni. "Tangu lini ukashika mwiko?"

"Kupika si kazi. Kazi iko huku mbele."

Kazi hiyo ya mbele ni ipi, hakusema. Wani, kijana mkubwa mwenye ndevu, alinivuta kando. "Mzee, huyu mama hatuamini sisi. Hata kubeba chakula hadi mezani haturuhusu. Sisi ni wa jikoni tu."

Nikamtaka Mama Poni avuke barabara kwa siku moja. Alikataa wiki nzima, kisha akakubali kwa hasira. Tuliketi mimi naye mbele ya duka la Msomali mmoja wa kutoka Garissa, ambaye alitupatia viti na akashindwa kujizuia.

"Mama, leo watoto wamekufukuza?"

"Mimi ndiyo nimefukuza wao," akajibu, akageuza uso.

Asubuhi ilipita salama. Mchana wakaja mafundi wanne wa ujenzi kutoka mtaa wa Mangateen, wateja wake wa siku zote, wakaagiza asida, ambayo kwetu ni ugali, pamoja na bamia na samaki. Wani alitaka kuonyesha ustadi. Akagawa chakula katika sahani nne, kila moja na kijiko chake, kama alivyoona katika hoteli za Eldoret, akazipanga mezani kwa fahari.

Fundi mzee aliitazama sahani yake, kisha akawatazama wenzake. "Ya zol, wewe bwana," akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwetu, "nani amekuambia sisi tumegombana?"

"Hapana, mzee, ni usafi tu. Kila mtu na yake."

"Usafi? Kwani huyu iko na ugonjwa?" Akamwonyesha mwenzake kwa kidole. Watu wa meza za jirani wakageuka kutazama. Mwenzake huyo akainuka, akaichukua kofia yake.

Hapa, Mghoi, watu waliokuja pamoja hula katika sinia moja. Kuwagawia sahani ni kuwatangaza mahasimu mbele ya watu.

Sidhani Mama Poni aliziona sahani, ila alisikia sauti. Alisimama. Nami nikasimama mbele yake.

"Tulikubaliana, mama."

"Wateja yangu wanaenda! Mwalimu, toka!"

Nilikuwa karibu kumpisha. Hapo Poni akatoka jikoni na sinia kubwa, mikono imejaa unga. Hakuomba radhi. Alimimina sahani zote nne ndani ya sinia mbele ya macho yao, akaviokota vijiko, akasema, "Kalas, yameisha, nimewapatanisha. Ng'ombe wa suluhu mtaniletea kesho."

Walicheka hadi meza ikatikisika, maana huku suluhu hulipwa kwa ng'ombe. Mwenye kofia akaketi. Fundi mzee akamshika Wani mkono. "Wewe mtu wa Eldoret, kaa hapa, kula na sisi, ujifunze." Wani akala huku akipuliza vidole.

"Nani amemwambia?" Mama Poni akaniuliza polepole. "Ile ya sinia. Mimi sijamwambia."

Nimeliwaza jambo hili tangu siku ile. Nilidhani anawanyima watoto wake kazi kwa ubinafsi. Sasa siamini hivyo. Mtu aliyepoteza kila kitu, akaanza upya, akapoteza tena, hushika alicho nacho kwa mikono yote miwili, na hapo hana tena mkono wa kumpokeza mwenzake.

Jioni ilipokaribia Mama Poni akavuka barabara, akaketi kwenye benchi la wateja. Nilidhani anavunja ahadi. "Leta asida," akasema.

"Uko peke yako, Mama?" Poni akauliza.

"Mimi na Mwalimu."

Tukaletewa sinia moja. Mama Poni alionja, akasema bamia haina chumvi, akaendelea kula. Kisha akauliza, bila kumwelekea yeyote, basi la Kampala huondoka siku gani.

Sasa yuko Kampala, ameshapasuliwa jicho la kwanza, na anaona. Hupiga simu mkahawani kila mchana, wateja wanapojaa, na Poni hapokei. Juzi alinipigia mimi kunilalamikia. "Mwalimu, hawa watoto hawana haja na mimi!" Nikamwambia kwamba nimefurahi sana kusikia hivyo. Akanikatia simu.

Nisalimie shemeji, na umwambie amalize dawa zote. Nisalimie mama mdogo Wakio, kiongozi wa waimbaji kanisani, na mpwa wangu Righa, fundi wa pikipiki. Majirani wote uwafikishie heshima zangu.

Mungu awalinde.

Kaka yako akupendaye,
Mwakio