Kiti cha Mama, Safu ya Ishirini na Mbili

Ansel, Nebraska
2 Septemba 2003

Mwanangu Janelle,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini ulifika Tucson salama na gari halikukusumbua njiani. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto ni lile lile, na tangu Jumamosi chakula hakinipiti vizuri kooni. Mji mzima uko hivyo. Jumapili mchungaji alipanda mimbarini, akatutazama, akasema, "Najua," kisha akafungua Biblia. Hakuna aliyecheka.

Nimekupigia simu mara nne hupokei, ndiyo maana naandika. Nilirudi kutoka uwanjani nikakuta gari lako halipo, na sweta ya mama yako imekunjwa juu ya meza ya jikoni. Hata kikaratasi hukuacha. Najua umechukia. Sote tumechukia. Kufungwa mechi ya kwanza, nyumbani kwetu, na chuo cha Dorrance! Timu tuliyoialika wenyewe ili tuichape tupate moyo wa kuanzia msimu! Korongo, timu yetu ya chuo, hawajafungwa mechi ya ufunguzi tangu 1968, na ule mpira wa teke la mwisho, wa alama tatu, hata bibi yako angeupitisha katikati ya milingoti akiwa na viatu vyake vya kanisani. Tungeshinda kwa alama mbili. Badala yake, 24 kwa 23.

Lakini kumkimbia baba yako kwa sababu timu imefungwa, huo ni utoto niliokuwa nao mimi miaka ya sabini. Na usidhani kukuhamisha kiti hakukuisaidia timu. Tulikuwa nyuma 17 kwa 3. Ulipokaa tu kule juu, dakika ya tatu tukavuka mstari wa goli. Merle Kucera mwenyewe alisema, "Lowell, huyo binti asishuke hata kwenda chooni!" Unamjua Merle, anayekaa nyuma yetu na redio yake sikioni. Hana ubaya.

Niandikie.

Baba yako,
Lowell


Tucson
8 Septemba 2003

Shikamoo Baba,

Nimefika salama, na mimi ni mzima. Pole kwa goti. Jaribu kupanda ngazi za uwanja polepole, au ukubali ile fimbo niliyokununulia.

Nimeona simu zako. Sikupokea kwa sababu kwenye simu mimi na wewe tunazungumza mpira tu. Tangu Mama afariki, mwaka wa pili sasa, sikumbuki tumezungumza kitu kingine. Bora tuandikiane.

Baba, sikuchukia kwa sababu ya Dorrance. Niliendesha gari siku mbili nije nikae na wewe kwenye kiti cha Mama. Nilivaa sweta yake kwa sababu nilidhani utafurahi. Wakati wa mapumziko nilikuwa nimeshika bakuli letu la maharage ya pilipili na ule mkate wa mdalasini mnaokula nao, nikasema, "Baba, nina jambo la kukuambia." Ukanijibu nini? Ulisema, "Subiri. Kwanza inuka hapo. Tafadhali, Jan, inuka kwenye kiti cha mama yako, tuipe bahati nafasi ya kubadilika." Watu wa safu nzima wakageuka. Merle akapiga kelele, "Hamisha mkosi huo, Lowell!" Wakacheka. Na mimi nina miaka thelathini na minane, nikapanda na bakuli langu mpaka safu ya thelathini na moja.

Mara mbili nilisimama nishuke. Mara zote mbili uligeuka ukanipungia mkono: kaa, kaa! Kwenye kiti cha Mama ukaweka chupa yako ya kahawa.

Nilikuwa na jambo la kukuambia, na lina siku yake ya mwisho. Halihusu timu.

Mwanao,
Janelle


Ansel
15 Septemba 2003

Mwanangu mpendwa,

Nashukuru kwa barua yako. Nimefurahi kusikia u mzima. Goti linaendelea, na fimbo ipo nyuma ya mlango, inaendelea pia.

Umenisema, na nimesikia. Pengine sikusema vizuri pale uwanjani. Lakini na wewe, Jan, umekulia kwenye viti vile. Unajua mzee Stroh hajafua kofia yake tangu 1994. Unajua mama yako alikuwa anatafuna upande wa kushoto tu mpaka tuwe mbele kwa alama kumi. Watu wa nje wanaona ni upuuzi, lakini wewe si wa nje. Mwaka jana kiti kilikuwa kitupu, tukashinda ufunguzi. Mwaka huu kikawa na mtu, tukafungwa. Mimi sisemi kitu, nahesabu tu.

Sasa sikia habari njema! Jumamosi tumeshinda 38 kwa 7. Mrusha mpira wetu ametulia, na kocha amemweka benchi yule mpigaji teke na kumleta mtoto wa shamba mmoja kutoka Valentine mwenye mguu kama wa nyumbu. Dakika ya kwanza tu alivyo...

Nilikatizwa, Merle alikuja kuazima ngazi. Nikaendelea kuandika, na naona nimejaza kurasa tatu za mchezo. Nazituma hivyo hivyo, soma ukipata nafasi.

Hilo jambo lako ni lipi? Utaniambia ukija Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba. Nitanunua bata mzinga mkubwa.

Baba yako


Ansel
20 Oktoba 2003

Janelle mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima. Mwezi umepita hujaniandikia, na mimi nilijipa moyo kwamba una kazi nyingi. Mimi sijambo mwilini. Kwingine, hapana.

Jana baada ya ibada nilisimama kwenye meza ya kahawa na Bi Ottun, yule karani wa sekondari. Akaniambia, "Tumesikitika sana juu ya Janelle. Mwalimu mkuu alikuwa ameshampangia chumba cha muziki, hata ameagiza kipakwe rangi." Nikatabasamu kama mtu anayejua. Nikamuuliza kwa ujanja, akanieleza yote. Mwalimu wa muziki anastaafu Krismasi. Uliomba nafasi yake mwezi wa saba. Ukaitwa, ukafanyiwa usaili Ijumaa ile, siku moja kabla ya mechi, na mimi nikadhani ulikwenda kumwona rafiki yako. Wakakupa kazi pale pale. Wakakupa mpaka tarehe kumi na tisa Septemba ujibu.

Ulikuwa unarudi nyumbani, Jan.

Nilikwenda kukaa kwenye gari. Nikawaza: ulikuwa unaniambia hilo, mkononi una bakuli la maharage, na mimi nikasema subiri. Kisha nikakuuliza kwenye barua, mwishoni kabisa, chini ya kurasa tatu za mtoto wa Valentine. Ningeweza kupiga simu ile siku niliyopata barua yako. Uliandika kwamba lina siku yake ya mwisho. Nililisoma neno hilo, naapa nililisoma. Nikapita.

Je, imekwisha kabisa? Nikiongea na mwalimu mkuu? Nilimfundisha baba yake kuendesha trekta.

Nisamehe.

Baba yako


Tucson
29 Oktoba 2003

Shikamoo Baba,

Mimi ni mzima, na nafurahi kwamba na wewe ni mzima.

Usiongee na mwalimu mkuu, nakuomba. Wameshampata mtu, kijana kutoka Omaha, na ameshasaini. Bi Ottun ana huruma, ndiyo maana hakukuambia hilo.

Nitakueleza mara moja, kisha tuache. Sikuwa nimeamua kukataa nilipoondoka Ansel. Nilikuwa na hasira tu. Barua yangu niliiandika nikitumaini kwamba ukiisoma utaniuliza. Nikasubiri. Yako ilifika Ijumaa ya tarehe kumi na tisa, asubuhi, siku yenyewe. Niliifungua nikiwa nimesimama kwenye sanduku la barua. Nikasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikamjua vizuri sana yule mtoto wa Valentine. Nilipofika kwenye bata mzinga nilikuwa nimeshajua kwamba nikirudi nitakaa Ansel miaka ishirini nikisubiri mapumziko.

Saa sita nikapiga simu sekondari.

Labda nilikosea. Siku nyingine naona nilikosea. Ningeweza kukufokea pale pale mbele ya Merle, kama Mama alivyokuwa anafanya, ukanisikia. Sikuweza, mimi nimerithi kunyamaza kwako.

Sikukuu ya Shukrani sitakuja. Usinunue bata mzinga mkubwa.

Mwanao,
Janelle


Ansel
23 Novemba 2003

Mwanangu Janelle,

Salamu. Kumeingia baridi kali, na theluji ya kwanza imetukuta juzi. Mimi sijambo. Natembea na fimbo.

Jana ilikuwa mechi ya mwisho nyumbani. Sitakuambia nani ameshinda. Sikuiona.

Nilipofika getini miguu ilitaka kwenda safu ya ishirini na mbili kama ilivyozoea, nikaizuia. Nikapanda mpaka ya thelathini na moja. Fimbo na ngazi zenye theluji, basi nilichukua muda. Merle aliniita, "Lowell! Umepotea? Au tunabadilisha bahati tena?" Nikamwambia, "Merle, leo ninyamazie." Akanyamaza. Sijawahi kuona Merle ananyamaza.

Nikaketi pale nilipokuketisha. Janelle, pale kuna nguzo. Miaka thelathini na sita nimekwenda uwanja ule na sikujua. Ile nguzo nene inayobeba chumba cha watangazaji imesimama mbele ya kiti kile, na uwanja wote unakatika. Unaona pembe moja ya nyasi, na bendi kidogo wakijipanga. Nilipokuwa nakupungia mkono ukae, nilidhani unatazama mchezo. Nilidhani nimekupa kiti kibaya kidogo, basi.

Lakini viti vyetu vinaonekana vizuri sana kutoka pale. Changu na cha mama yako, moja kwa moja, kana kwamba kile kiti kilijengwa kwa ajili ya kuvitazama. Jana vyote viwili vilikuwa vitupu. Theluji ikaanza tena robo ya pili ya mchezo, ikajaa kwenye changu, ikajaa kwenye chake, mpaka mtu asiyejua asingeweza kusema kipi ni cha nani. Nikakaa navyo mpaka mwisho. Nikafikiri, hiki ndicho mwanangu alichotazama nusu nzima: mgongo wangu na chupa ya kahawa.

Mama yako angenipiga na ile chupa.

Sikuombi urudi. Nafasi ile niliipoteza mimi, si wewe, na nitakwenda nayo kaburini. Nilitaka tu ujue kwamba nimekaa pale. Sweta nimekutumia kwenye kifurushi. Ni yako, na kiti ni chako, ukitaka ukalie au ukiache.

Nakupenda. Sijui kwa nini neno hilo lilikuwa gumu kuliko majina ya wachezaji wa 1971, ambao nawajua wote.

Baba yako


Tucson
1 Desemba 2003

Shikamoo Baba,

Kifurushi kimefika. Sweta bado ina harufu ya jikoni kwetu. Mimi ni mzima. Nimesaini mkataba wa kufundisha hapa miaka miwili mingine, tayari nilikuwa nimesaini kabla barua yako haijafika, basi ni hivyo.

Ile nguzo niliiona siku ile kabla sijaketi. Kulikuwa na nafasi nyingine wazi upande wa pili, ningeweza kwenda huko, au ningekataa kuinuka kabisa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilikwenda kirahisi hivyo, na juzi, nilipovaa sweta, nikakumbuka. Ulisema "tafadhali". Sikumbuki kama uliwahi kuniambia neno hilo hata mara moja, hata siku ya mazishi uliponipa maua niyabebe. Nikaona kwamba kama Baba ananiomba, basi ni jambo kubwa kwake, nami nimpe. Nilipanda zile ngazi nikiwa nimefurahi, Baba. Ilinichukua mpaka robo ya nne kuelewa kwamba uliniomba niondoke.

Jumapili nitakuwa nyumbani mchana wote. Piga simu, nitapokea. Ila usianze na mpira.

Mwanao,
Janelle