Samweli Alipotulia

Neema mjukuu wangu,

Huku ugenini Bertrams tuko wazima, ila baridi inamtesa babu yako. Mwambie kitukuu changu Elia swali lake bado nalitafutia jibu, kwa nini robot, zile taa za kuongozea magari barabarani, hazilali.

Umeniuliza kama umpe mwanao vile vidonge vya kumtuliza, maana mwalimu amechoka naye na mchungaji anasema ni pepo. Mimi dawa sizijui, mama. Namjua mdogo wangu Samweli.

Kule Uvira, utotoni, Samweli hakuweza kukaa mahali pamoja, na maswali yake hayakuisha. Tulimwombea, tukamshindisha njaa eti afunge, wapi! Mwishowe mama yetu akawa anamfunga mguu kwenye cherehani kwa kipande cha kitenge, ili yeye mama apate kushona. Siku moja alimfungua, Samweli akabaki amekaa palepale. Mama akapiga vigelegele, majirani wakaja kumshukuru Mungu.

Hakuniuliza swali tena mpaka tulipomzika.

Mpeleke Elia kwa daktari, usimwogope mchungaji. Ila akianza vidonge, usinipigie kuniambia ametulia. Niambie kama bado anauliza habari za robot.

Bibi yako anayekupenda