Ndiyo ya Chiriku

Juu ya duka la viatu,
ghorofa ya pili.
Jumatano, kabla ya kazi.

Mpendwa mwanangu Chiriku,

Hujambo? Wazazi wako hawajambo? Kikohozi cha bibi kimepungua? Mimi mzima, ila goti limeanza kunitabiria mvua, na halikosei.

Baba yako amenipigia simu kwa furaha: yule mwalimu wa hesabu amekuja kukuposa, nawe umekubali. Nikamuuliza, "Amesemaje?" Akanijibu, "Dada nawe! Amenyamaza. Mtoto wa kike akinyamaza si ndiyo amekubali?"

Mwanangu, niliondoka ungali mgongoni mwa mama yako. Nakujua kwa sauti tu, na tunakuita Chiriku kwa sababu hunyamazi hata chakula kikiwa mdomoni. Kimya chako kimeninyima usingizi.

Katika karakana yetu ya ushonaji tumetoka pande zote za dunia, na nimejifunza kwamba ndiyo za watu hazifanani. Jirani yangu wa cherehani huinua nyusi tu. Mpiga pasi huvuta pumzi ghafla kama aliyemwagiwa maji baridi. Mara ya kwanza nilidhani ameungua. Mkata vitambaa hukubali kwa kutikisa kichwa huku na huku. Siku moja nilimwomba anikatie kitambaa, akatikisa, nikamnyang'anya mkasi, akaniuliza, "Mama, kwani nimekataa?" Msimamizi naye huitikia "hai, hai" kwa kila sentensi, na kwa lugha ya kwao maana yake nakusikia, siyo nakubali. Wateja wengi wameondoka wakidhani nguo zitakuwa tayari Ijumaa.

Nimesoma pia kwamba zipo lugha zisizo na neno la ndiyo. Ukiulizwa, "Utakuja?" hujibu, "Nitakuja." Huwezi kujificha nyuma ya neno dogo, kitendo chenyewe unakitamka kwa mdomo wako. Nazihusudu lugha hizo.

Lakini sijakutana bado na watu wanaosema ndiyo kwa kutazama sakafu. Mama yako amenisimulia: uliitazama sakafu, kisha ukaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Sisemi mwalimu hafai. Wote wanamsifu, na huenda uliona aibu tu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ila kama ni mshindo wa furaha au wa kilio, mimi niliye mbali nitajuaje?

Nimemwambia baba yako asipeleke jibu kwa watu wale mpaka akusikie. Akasema, "Sawa, dada," kwa ile sauti yake ya kumaliza simu. Kwa hiyo Jumapili mchana nitapiga mwenyewe, naye atakuuliza nikiwa nasikia. Usimwonee huruma, wala mimi. Ukimtaka, nitakata kitambaa cha nguo yako siku hiyo hiyo. Usipomtaka, baba yako atanuna, na mimi ndiye nitakayenuniwa, nimekwisha zoea.

Nisalimie bibi, mama yako, na kaka yako Fundi Redio. Mungu akupe moyo mtulivu na sauti ya kusikika.

Ni mimi shangazi yako,
nikupendaye hata ukikataa.