Konokono Wamepata Kibali, Mimi Nimekwama kwa Kahawa

Mabatini, Mwanza, 17 Agosti 1975. Tangu nitoke kwetu Kamachumu huu ni mwaka wa tatu.

Mpendwa Mama Justa, shikamoo. Naomba msaada wako kwa maana nimefika mahali ambapo nikilala naota na nikiamka bado naota, na mzigo ulio mabegani sijui tena kama ni robota la pamba au ni kichwa changu mwenyewe.

Mimi ni Mhaya wa mkoa wa Ziwa Magharibi, nimesoma hadi darasa la nne, nikavuka ziwa kutafuta kazi, na kazi niliyopata ilikuwa ya kukamata konokono. Usicheke, Mama. Walikuwa konokono wanaoleta kichocho, na chuo kikuu chetu kilikuwa kinawachunguza kwa kushirikiana na chuo kimoja cha Ulaya, na mtafiti wa chuo hicho aliitwa Daktari Ulriki, kijana mrefu, mpole, tukawa tunaingia majini pamoja kila asubuhi kwenye matete upande wa Butimba, ukungu bado umelala juu ya ziwa, mimi na yeye na kimya, mpaka tukawa tunaelewana bila kusema. Krismasi moja nikampeleka kwetu. Baba yangu, Mzee Mutayoba, akampenda, akasema, "Huyu asiondoke hapa akiwa mgeni." Basi tukafanya omukago, undugu wetu wa kuchanjiana: nikachanjwa kidogo karibu na kitovu, na Ulriki hivyo hivyo, likachukuliwa tunda moja la kahawa lenye buni mbili, moja ikapakwa damu yangu akaimeza yeye, nyingine ikapakwa damu yake nikaimeza mimi. Ndugu wa namna hiyo hawanyimani wala hawakanani, na anayemkana mwenzake tumbo linamvimba mpaka limuue. Ulriki aliambiwa yote hayo, mimi mwenyewe nikimtafsiria, akaitikia kwa kichwa.

Mwaka huu kibali chake cha utafiti kiliisha, akarudi kwao na konokono wetu ndani ya vyombo, na konokono hao walikuwa na kibali chao cha kusafiri, chenye mhuri kabisa. Chuo chake kikaniita na mimi, niende miezi tisa niwatunze katika matangi ya vioo na kujifunza kazi ya maabara, ili nikirudi niifanye huku. Nikapanda treni hadi Dar es Salaam kuomba viza. Kwenye fomu ya ubalozi wanauliza anayekualika ni nani wako. Nikaandika: ndugu wa damu.

Karani, Mtanzania mwenzetu, akaniita dirishani.

"Ndugu Longino, huyu Mzungu ni ndugu yako?"

"Ndiyo."

"Mama mmoja?"

"Hapana."

"Baba mmoja?"

"Hapana."

"Sasa mmekutana wapi, bwana?"

"Tumboni. Mimi nimemmeza, na yeye kanimeza."

Alicheka mpaka akavua miwani. Mkubwa wake hakucheka. Wakasema nimedanganya, na kama sikudanganya ni vibaya zaidi, kwa maana mwenye ndugu Ulaya harudi. Nikitaka viza, niende tena kabla Septemba haijaisha, niandike na kutia sahihi kwamba mtu yule si chochote kwangu.

Niliporudi Mabatini nikamweleza balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Ndalahwa, Msukuma yule, akapaza sauti majirani wasikie: "Nyie Wahaya mna makuu! Hata Ulaya mnataka kuwa na ukoo!" Nikamwandikia Ulriki. Akajibu upesi: "Andika wanachotaka, Longino. Ni karatasi tu." Hilo limeniuma kuliko vicheko vyote. Kama hiyo ni karatasi tu, kahawa ilikuwa nini kwake? Mchezo?

Siku hizi nabeba marobota bandarini. Nyuzi za pamba zinapepea hewani, nami nasimama naiona theluji kama alivyonisimulia, inashuka bila sauti, na mimi niko nyuma ya kioo pamoja na konokono, natazama nje, nina joto, sijachoka. Kisha nyapara anapiga mluzi. Natamani kwenda, lakini naliogopa tumbo langu. Mke wangu Paskazia anajua nasafiri, haya mengine hayajui. Nikitia sahihi nitaondoka Oktoba na kurudi kwetu Julai, kahawa ikianikwa. Nisipotia, nitarudi na meli ya mwezi ujao, basi. Nifanye lipi?

Longino Mutayoba

MAMA JUSTA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kwa konokono sikucheka. Pale dirishani nilicheka kidogo, unisamehe.

Sasa nikugombeze. Uliulizwa na watu wasiotafuna kahawa, ukawajibu kana kwamba umeketi kwa baba yako. Wao walitaka kujua jambo moja: utarudi? Nawe una mke, una baba, una migomba na mibuni, na kazi inakungoja huku, lakini hukutaja hata kimoja! Uliandika la Ulaya ukaliacha la Kamachumu. Hata mimi ningekuwa dirishani ningekunyima.

Lakini hiyo sahihi usiitie. Sisemi hivyo kwa ajili ya tumbo. Mimi ni Msukuma wa Bujora, matumbo ya Kihaya siyajui. Nasema kwa sababu umesema kweli wakakuita mwongo, na ukienda kumkana mwenzako utakuwa umewathibitishia.

Halafu huyo Ulriki. Unasimama bandarini kuota theluji na kujiuliza kama alimaanisha. Kwa nini ujiulize wewe? Muulize mwenyewe! Mliapa wawili, mbona mzigo umeubeba peke yako? Yeye hakumeza? Mwandikie leo, barua iende kwa ndege, muda upo: "Ndugu yangu, nina shida, na safari hii usiniambie ni karatasi. Waeleze ubalozi, kwa mkono wako na mhuri wa chuo chako, kwamba hatukuzaliwa pamoja, kwamba tuliapa mbele ya baba, na kwamba nakuja kufanya kazi kisha narudi." Pengine watu wa kwao wamekulia katika karatasi kama nyinyi mlivyokulia katika migomba, haziwatishi. Pengine alisahau. Akiandika, una ndugu, na barua yake itakufaa kuliko kumkana. Asipoandika, basi aliyekana ni yeye, na tumbo litakalovimba si lako. Panda meli urudi mzima kwa mkeo.

Na kabla hujamwandikia yeye, mwandikie Paskazia. Mweleze yote, hata kicheko cha karani. Mtajie mwezi utakaorudi, kisha mwezi huo huo uuandike kwenye fomu yao, kwa herufi kubwa, mahali ambapo hakuna atakayeweza kuuruka: NITARUDI JULAI, KAHAWA IKIANIKWA.